Betrave Si Damu



Wasomaji wapenzi, leo nataka kuwaandikia juu ya mboga moja ninayoipanda katika bustani ya nyumbani kwangu hapa Pweto. Ni betrave, mboga yenye kiazi chekundu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita bitiruti. Nitaeleza namna ya kuipanda kwa mbegu, maana wengi wameniuliza. Lakini pamoja na hayo nitaungama kosa nililolifanya kwa ajili ya mboga hiyo, kosa ambalo nusura limpoteze mtoto wa jirani yangu. Naandika ili mwingine asilirudie.

Betrave niliijua nilipokuwa mwanafunzi wa seminari. Padri aliyesimamia bustani alitugawia matuta, kila mvulana tuta lake. Wengi tulitaka kabichi, kwa sababu kabichi inaonekana na watu wanaisifu. Mimi nikapewa betrave, nikanung'unika. Baadaye Mungu aliniongoza katika njia nyingine, njia ya ndoa na ya ukatekista, lakini kazi ya matuta ilibaki mikononi mwangu.

Wanaoijua Pweto wanajua ya kuwa mji wetu umekaa pale mto Luvua unapotoka katika ziwa Moero na kuanza safari yake ya kwenda kukutana na Lualaba. Watu wetu ni wavuvi, tena ni wakulima wa muhogo na mahindi. Bukari yetu twaila na samaki, sombe, matembele au lengalenga. Betrave ni mgeni kwetu. Lakini si mgeni asiye na ndugu, maana wataalamu wa mimea wanaihesabu katika jamaa moja na lengalenga. Ukitazama vikonyo vyekundu vya lengalenga nyingine, utaona udugu wenyewe.

Basi, inapandwaje?

Kwanza, wakati. Betrave inapenda baridi kidogo. Pweto iko kama mita 900 tu juu ya bahari, na joto letu ni kali, hasa mwezi wa kumi kabla ya mvua. Mimi huipanda mwezi wa tano, mvua zikiisha kukatika, ili ikue katika miezi ya sita na saba, wakati usiku una baridi na wazee wanaota moto. Mara moja nilijaribu kuipanda wakati wa mvua. Majani yalijaa madoa, na viazi havikuzidi kidole gumba.

Pili, udongo. Karibu na ziwa udongo wetu una mchanga mwingi. Nachimba mpaka kina cha jembe, naondoa mawe na mizizi, kisha nachanganya samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza vizuri. Samadi mbichi haifai. Inaleta majani mengi na viazi vibovu vyenye pembe. Juu yake natia majivu kidogo ya jikoni, kwa sababu betrave haipendi udongo mchachu.

Tatu, mbegu. Mbegu ya betrave si kama punje ya hindi. Ile unayoiona katika pakiti ni kidonge kikavu chenye makunyanzi, na ndani yake zimo mbegu mbili, tatu, hata nne zilizoshikamana. Kwa hiyo ukifukia kidonge kimoja, usishangae kuona miche mitatu inatoka katika tundu moja. Navilowesha vidonge katika maji usiku mmoja. Asubuhi navifukia sentimeta 2 chini ya udongo, upana wa kiganja baina ya kidonge na kidonge, na sentimeta 30 baina ya mstari na mstari. Nafunika tuta kwa nyasi chache, namwagilia asubuhi na jioni. Baada ya juma moja au mawili miche inatokea, na hapo naziondoa nyasi.

Nne, kupunguza. Miche ikifikia urefu wa kidole, lazima uing'oe na kuacha mmoja tu kila mahali. Mwaka wangu wa kwanza sikuweza. Niliitazama ile miche, yote mizima, yote imetoka kwa jasho langu, nikaona huruma. Nikaiacha yote. Baada ya miezi miwili nilivuna majani, na chini yake mizizi iliyosongana, myembamba kama kamba. Mke wangu akacheka, akasema: «Umeihurumia yote, umeiua yote.» Tangu mwaka huo napunguza, na ile miche inayong'olewa haipotei, twaipika pamoja na lengalenga.

Baada ya siku 60 mpaka 80 kiazi huwa kama ngumi ya mtoto. Hapo king'oe, usingoje kiwe kikubwa, maana kitakuwa na nyuzi ngumu. Majani usiyakate kwa kisu karibu na kiazi, bali yazungushe kwa mkono, uache vikonyo vifupi. Na mkia wake wa chini usiukate. Kiazi kikijeruhiwa, rangi yake yote inamwagika katika maji ya kupikia. Kipike na ganda lake, kama muda wa saa nzima, na ganda litatoka kwa vidole.

Na mbegu za mwaka ujao, je? Hapo pana shida. Betrave hutoa maua katika mwaka wake wa pili, tena yataka kwanza ipite majuma mengi ya baridi kupita baridi yetu ya Pweto. Kwetu haitoi mbegu. Mimi naagiza pakiti Lubumbashi kwa mtu anayesafiri, na nazihesabu mbegu zangu kama mtu anavyohesabu mayai.

Hayo ndiyo ya bustani. Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka wa pili bustani ilitii. Nilijaza kikapu, nikakipeleka sokoni kwa furaha. Lakini wanunuzi walikuwa wachache. Watu walikigusa kiazi kilichokatwa, wakaona vidole vyao vimekuwa vyekundu, wakarudi nyuma. Mama mmoja akaniuliza: «Katekista, kitu hiki ni cha nini?» Nami nikamjibu neno nililokuwa nimelisikia kwa watu wengi kule Lubumbashi: «Kinaongeza damu, Mama.» Akanunua vitatu. Aliyesimama nyuma yake akanunua vinne. Siku ile nilirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Wasomaji wapenzi, lile neno langu lilikuwa kama kidonge cha betrave. Nilipanda kimoja, ikatoka miche mingi. Huyu alisema betrave inaongeza damu. Yule akasema inaponya malaria. Wa tatu akasema anywaye maji ya betrave hana haja ya kutiwa damu hospitalini. Nilizisikia habari hizo, nikanyamaza. Nilijiambia: «Hayo sikuyasema mimi.» Tena watoto wangu walihitaji madaftari ya shule, na betrave ndiyo iliyoyanunua.

Mwezi wa nane wa mwaka ule ule, mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka miwili, alishikwa na homa. Mama yake alimpa dawa iliyobaki ya ndugu yake mkubwa, si dozi kamili. Homa ikatulia, lakini mtoto akabaki mnyonge. Mama akaja kwangu, akaniambia: «Katekista, mtoto wangu amepungukiwa damu. Nisaidie betrave.» Nikamng'olea sita, nikampa bure. Niliona nimetenda tendo la huruma. Mtoto huyo mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika jina lake katika kitabu cha Ubatizo.

Alizitwanga, akazikamua, akampa mtoto maji yake siku tatu. Siku ya tatu asubuhi akaja akikimbia, uso wake una furaha. «Katekista, Mungu asifiwe! Mtoto anakojoa mekundu. Damu imejaa mpaka inamwagika!»

Sijui kwa nini, lakini moyo wangu ukashtuka. Nikatupa jembe, nikamfuata. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Alikuwa anahema upesi upesi kama mtu anayepanda mlima, naye amelala tu. Nikamwita kwa jina lake, akafungua macho, hakuwa na nguvu ya kulia. Nikachukua baiskeli, mama akakaa nyuma na mtoto mgongoni, tukaenda hospitali. Njiani hatukusema neno.

Mwuguzi alimfunua kope la chini, akamtoboa kidole, akapima. Damu yake haikufika gramu 5 katika desilita moja. Mtoto wa umri ule akiwa mzima hupata 11 au zaidi. Malaria ilikuwa bado imo. Mwuguzi akasema: «Anahitaji damu sasa hivi, damu ya mtu.» Mama alikuwa na mimba, hakuweza kutoa. Nikanyosha mkono wangu mimi. Nilitaka itoke kwangu, niwe nimelipa. Lakini walipoipima, ilikuwa ya aina isiyopatana na ya mtoto.

Ikatubidi kumtafuta mjomba wake, mvuvi. Nilimkuta pwani ya ziwa anatengeneza nyavu, suruali yake imelowa mpaka magotini. Hakuuliza maswali. Akaja vile vile, ananuka samaki. Damu yake ikapimwa kama haina magonjwa, ikaonekana njema, nayo inapatana. Mimi nikakaa nje kwenye benchi na rozari mkononi. Nilijaribu kusali, lakini kila nilipoanza niliona kile kikapu changu sokoni. Usiku mtoto akalia kwa sauti kubwa. Sijapata kufurahi hivyo kwa kusikia mtoto analia.

Asubuhi mwuguzi aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Katekista, nani amewafundisha watu habari hizi za betrave?» Nikajibu: «Mimi.» Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Naandika hapa aliyonieleza, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye.

Kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mtoto mdogo anaweza kupoteza damu nyingi hivyo kwa siku chache tu, wala hatoki hata tone moja nje. Hakuna chakula, hata kiwe kizuri namna gani, kinachoweza kuirudisha damu hiyo kwa siku tatu. Dawa ya malaria lazima iue vijidudu kwanza, na mtoto aliyefika hatari lazima atiwe damu.

Tena, wekundu wa damu na wekundu wa betrave si kitu kimoja. Wekundu wa damu unatoka katika kitu chenye madini ya chuma. Wekundu wa betrave ni rangi ya mmea, iitwayo betanini, nayo haina chuma. Katika gramu 100 za betrave kuna chuma kama miligramu 0.8 tu. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Fanyeni hesabu. Ingempasa ale karibu kilo nzima ya betrave kila siku, na hata hivyo mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma cha mboga. Wajawazito nao, Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri wapewe kila siku vidonge vyenye chuma miligramu 30 mpaka 60 pamoja na asidi ya foliki. Hakuna tuta la betrave linaloweza kuchukua mahali pa vidonge hivyo.

Na ule mkojo mwekundu? Ilikuwa ni rangi ya betrave tu, iliyopita mwilini na kutoka. Huwatokea watu wengine, wengine haiwatokei. Tena huonekana zaidi kwa watu waliopungukiwa na chuma. Basi ile alama ambayo mama aliipokea kwa shangwe, huenda ilikuwa alama ya upungufu wenyewe. Na mtoto mwenye malaria akikojoa mekundu au meusi bila kula betrave, hiyo yaweza kuwa hatari kubwa. Asingojwe hata saa moja.

Siku ya Mungu iliyofuata padri hakuwapo, mimi ndiye niliyeongoza ibada. Baada ya matangazo nikasimama, nikasema: «Ndugu zangu, mwaka huu niliwaambia sokoni ya kuwa betrave inaongeza damu. Nilisema neno nisilolijua. Naomba mnisamehe.» Nikaeleza yote, isipokuwa jina la mtoto, ingawa kila mtu alilijua. Kanisa likawa kimya. Kisha mzee mmoja akainuka na fimbo yake akauliza: «Kama haiongezi damu, mbona ni nyekundu?» Nikajibu: «Mzee wangu, hata pilipili ni nyekundu.» Watu wakacheka, nami nikapata kupumua. Mama mwingine akasema: «Mimi ilinisaidia.» Nikamjibu: «Mama, chakula kinamsaidia kila anayekila. Ule bado. Lakini ukiugua, nenda hospitali.»

Kung'oa neno langu mbele ya watu kuliniuma kuliko kung'oa miche. Na tena halikung'oka lote. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo nasikia mtu anamwambia mwenzake yale yale niliyoyasema mimi, nami nasimama nasahihisha. Sokoni juma lile nilirudi na nusu ya kikapu. Mke wangu hakusema kitu. Alizipika, tukazila siku mbili.

Watoto wa Komunyo ya kwanza nawafundisha amri ya nane. Zamani nilidhani uongo ni lile neno ambalo msemaji anajua ya kuwa si kweli. Sasa nawafundisha zaidi. Mtu akisema neno asilolijua, akalisema kama analijua, kwa sababu linauza au linampa sifa, yeye pia ameivunja amri. Na sisi makatekista tuangalie zaidi kuliko wengine, kwa kuwa watu wanalipokea neno letu la sokoni kwa masikio yale yale wanayopokelea neno letu la kanisani.

Je, nimeacha kupanda betrave? Hapana. Kosa halikuwa la betrave. Ni chakula chema, kitamu. Watoto wanakipenda, na binamu yake mweupe ndiye anayewapa watu wa Ulaya sukari tangu zaidi ya miaka 200. Kiazi chake kina folati, vitamini inayowafaa akina mama wenye mimba. Majani yake, ambayo wengi wanayatupa, yana chuma kuliko kiazi chenyewe. Yapikeni kama mnavyopika lengalenga, myale pamoja na maharagwe au samaki wadogo wa ziwa letu, na mkamulie limau, maana limau linausaidia mwili kukipokea chuma cha mboga. Chai mwinywe baadaye, si pamoja na chakula, kwa sababu chai inakizuia.

Yule mtoto sasa ni mzima. Wakati wa kupunguza miche huja bustanini kwangu, na mimi namwonyesha upi wa kung'oa na upi wa kuacha. Mara nyingi anakosea, nami namwachia. Mjomba wake akipita kutoka ziwani hutuona hapo, hutusalimu na kuendelea na safari yake. Hajapata kunikumbusha neno lolote.

Basi, ndugu wasomaji, pandeni betrave mwezi wa tano, zipunguzeni bila huruma, zileni kwa furaha. Lakini mtoto akishikwa na homa, mpelekeni kwa mwuguzi siku ile ile. Betrave itangoja tutani.